Oti Ipike Kama Mchele, Usiikoroge Kama Unga

Pakiti ya oti ina safari yake inayojulikana katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Nairobi. Inanunuliwa mwanzo wa mwezi kwa nia njema, inapikwa mara mbili, inatoka kama gundi ya kubandikia bahasha, watoto wanasukuma bakuli kando, na pakiti inarudi kabatini kungoja wadudu. Lawama zinaangukia nafaka: haina ladha, ni chakula cha wagonjwa, ni mambo ya watu wanaopunguza mwili. Kumbe kosa liko jikoni, na karibu kila mara ni lile lile. Mtu aliyekuzwa na uji wa ulezi, mtama au dona anaishika oti kama unga. Anaimwaga kwenye maji yanayochemka, anakoroga bila kuachia mwiko, na anaendelea kukoroga hata ilipokwisha kuiva, kwa kuogopa madonge.

Oti haina madonge ya kuogopa, kwa sababu si unga. Ni punje nzima ya nafaka iliyokatwa au kubanwa, na punje hupikwa kwa kipimo cha maji, moto na muda, kama wali. Ukikoroga wali bila kupumzika utapata bokoboko. Oti nayo ni hivyo hivyo.

Kwanza tulimalize suala la jina. Kamusi kadhaa huiita oti shayiri, na vibandiko vya dukani vingine hufuata. Shayiri hasa ni nafaka nyingine, ile inayotumika kutengenezea bia. Jina la kitaalamu la oti ni Avena sativa na la shayiri ni Hordeum vulgare, na ukiipika shayiri kwa maelekezo ya oti utakaa jikoni mpaka saa nne. Waswahili wa Oman na Ghuba wanaijua oti kwa jina la Kiarabu, shufani. Na wafugaji wa Nyandarua wanaijua zaidi kama majani ya ng'ombe, maana kwenye baridi ya huko juu inastawi vizuri na hukatwa kwa ajili ya malisho. Inayoliwa mezani kwetu sehemu kubwa hutoka nje.

Soma pakiti kabla ya kubandika sufuria

Punje ya oti ina mafuta mengi kuliko ngano au mchele, karibu asilimia 7 ya uzito wake. Ndani yake pia kuna kimeng'enya kinachoyavunja mafuta hayo mara tu punje inapovuliwa ganda na kukatwa. Ikiachwa mbichi, baada ya muda mfupi inakuwa chungu. Ndiyo maana kiwandani hupigwa mvuke na kukaushwa kwa moto kabla ya kitu kingine chochote. Ile harufu yake inayokaribia ya karanga za kukaanga inatoka hapo. Na ndiyo sababu unaweza kuila baada ya kuiloweka tu: ulipoifungua pakiti, nafaka ilikwisha kuonja moto.

Baada ya mvuke, njia zinatengana. Punje ikikatwa vipande viwili mpaka vinne kwa kisu cha chuma, unapata chenga, kama chenga za mchele. Ikipitishwa nzima katikati ya magurudumu mawili na kubanwa, unapata oti bapa, ile yenye visahani vinavyoonekana wazi kimoja kimoja. Ikikatwa kwanza, kisha vipande vikabanwa vyembamba zaidi, hiyo ni oti ya haraka. Na ikipikwa kabisa kiwandani, ikabanwa nyembamba kama karatasi na kukaushwa, ndiyo ile ya vipakiti vidogo ya kumwagia maji ya moto tu, ambayo mara nyingi imeshatiwa sukari na chumvi.

Kubana oti kwa magurudumu ni kazi ya viwanda vya Marekani vya karne ya 19. Mjini Akron, Ohio, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyeitwa Ferdinand Schumacher alisaga na kuuza oti kwa Wamarekani ambao wengi wao waliiona chakula cha farasi. Jina la Quaker lilisajiliwa kama alama ya biashara mwaka 1877, na kampuni ya jimbo hilo hilo, na likaenea kiasi kwamba leo wengi huitaja nafaka kwa jina la kampuni. Oti ya haraka ilifuata mwaka 1922. Tangu hapo mpishi anayesoma "dakika 1" kwenye pakiti yake na kupika kwa dakika kumi, kwa kufuata maelekezo ya jirani mwenye pakiti tofauti, ndiye mteja mkuu wa gundi.

Kama duka lina aina moja tu ya kuchagua, chukua bapa. Inavumilia makosa, inaloweka vizuri, inaingia kwenye uji, kwenye supu na kwenye keki. Ya haraka nayo ina kazi yake, nayo ni uji wa kunywa kwenye kikombe. Vile vipakiti vya sukari viache vya safarini.

Uji wa msingi

Kipimo cha mtu mmoja ni nusu kikombe cha oti bapa, kikombe kikiwa cha mililita 250. Hiyo ni karibu gramu 45. Maji ni kikombe kimoja na robo. Anayependa uji mzito apunguze hiyo robo, anayeupenda mwepesi aongeze robo nyingine. Chumvi ni vidole viwili, hata kama utatia sukari. Uji usio na chumvi kabisa unaonja kama karatasi, na watu hujaribu kuuokoa kwa vijiko vitatu vya sukari, wakati kilichokosekana ni chembe za chumvi tu.

Bandika sufuria kavu kwenye moto wa wastani, tia oti peke yake, na uigeuze geuze kwa dakika mbili au tatu bila mafuta. Usisubiri ibadilike rangi sana. Ngoja harufu. Harufu ya karanga ikipanda tu, mwaga maji. Hatua hii ndogo ndiyo inayotenganisha uji wenye ladha na uji wa hospitali, na haitaki kitu zaidi ya kusimama jikoni dakika tatu.

Maji yawe baridi au ya moto? Hapa kuna uamuzi wa kufanya. Ukianza na maji ya baridi, wanga una muda wa kutoka polepole na uji unakuwa laini, wa kushikana. Ukiitia oti kwenye maji yanayochemka, visahani vinabaki vimeachana na uji una kitu cha kutafuna. Watoto na wazee hupenda wa kwanza. Mimi naona wa pili una heshima zaidi.

Ukishachemka, punguza moto mpaka uwe unatokota taratibu, koroga mara moja kila dakika, na uache dakika tano hadi saba. Halafu ufanye jambo ambalo wengi hawalifanyi: epua ukiwa bado unaonekana mwepesi kuliko unavyoutaka, funika, uache dakika tatu. Oti inaendelea kunywa maji ikiwa nje ya moto, na uji unazidi kuwa mzito unavyopoa. Ukiupika mpaka ufikie uzito unaoupenda ukiwa juu ya jiko, utakapofika mezani utakuwa umepita.

Utelezi unaouona kwenye mwiko ni nyuzinyuzi inayoyeyuka kwenye maji, inaitwa beta-glukani. Unapokoroga kwa nguvu unazikwaruza kingo za visahani, wanga unamwagika majini, na wanga huo pamoja na beta-glukani hufanya gundi. Mwiko mpole, uji mzuri. Ikishatokea gundi, usiongeze maji ya baridi ukakoroga zaidi, maana utaongeza tu wingi wa gundi. Ongeza maziwa ya moto kidogo kidogo ukikunja kutoka chini kwenda juu, kisha kata utelezi kwa kitu kichachu: kijiko cha mtindi au matone ya ndimu. Haitapona kabisa ila italika.

Kufurika nako kuna sababu yake. Wanga na protini hutengeneza utando juu ya povu, mvuke unakosa pa kutokea, na povu linapanda lote kwa mkupuo. Sufuria iwe na nafasi mara tatu ya kilichomo. Mwiko uliolazwa juu ya mdomo wa sufuria husaidia kidogo, kwa moto mdogo tu.

Kuhusu maziwa: usianze nayo peke yake. Protini ya maziwa hushika chini ya sufuria na kuungua kabla oti haijaiva, na harufu ya maziwa yaliyoungua haiondoki hata utie iliki ya shilingi elfu kumi. Anza na maji, na uji ukikaribia kuiva ndipo umwage maziwa, nusu kikombe kwa mtu, yapate joto dakika mbili. Kama chini kumeshaungua, usikwangue. Hamisha kilicho juu kwenye sufuria nyingine, ukoko ubaki ulipo.

Chenga zina hesabu yake. Robo kikombe kwa kikombe kimoja cha maji, moto mdogo, dakika 25 hadi 30. Hapo ni Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji huchemkia kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo chenga zinataka dakika kumi zaidi na maji ya nyongeza. Huo ni muda ambao mtu wa kuwahi basi hana, na hapa chupa ya chai inaokoa. Usiku tia maji ya moto kwenye chupa, ikae dakika tano ipate joto, uyamwage. Tia nusu kikombe cha chenga, chumvi kidogo, na vikombe viwili vya maji yanayochemka hasa, funga, itikise mara moja, ilaze. Asubuhi umeiva, wa watu wawili. Angalizo ni moja: usitie maziwa ndani ya chupa. Maziwa yaliyokaa na uvuguvugu usiku kucha ni makazi ya bakteria. Na chagua chupa yenye mdomo mpana, vinginevyo utapata uji ulioiva usiotoka.

Waskoti, ambao uji huu kwao ni kama ugali kwetu, hupika kwa oti iliyosagwa au kukatwa, si ya kubanwa, na hukoroga kwa kijiti cha mviringo kisicho na bapa mbele, kinachofanana na mchi mdogo. Kijiti kinapita katikati ya uji bila kuuburuta. Katika kijiji cha Carrbridge kuna mashindano ya dunia ya kupika uji yaliyoanza mwaka 1994, na kwenye kundi lenye hadhi zaidi vinaruhusiwa vitu vitatu tu: oti, maji na chumvi. Mila yao nyingine inafaa kuigwa bila kuona haya: maziwa ya baridi hukaa pembeni kwenye kikombe, na kila kijiko cha uji wa moto huchovywa humo kabla ya kwenda kinywani. Moto na baridi katika tonge moja.

Tui, iliki, na utamu usio wa kopo

Anayejua kupika wali wa nazi ameshajua kupika oti ya nazi. Nazi moja, ikunwe na kukamuliwa mara mbili. Tui la kwanza, lile zito, liweke kando. Tui la pili ndilo la kupikia. Kwa watu watatu: kikombe kimoja na nusu cha oti bapa, vikombe vitatu na nusu vya tui la pili (likipungua jazia maji), robo kijiko cha chai cha chumvi, iliki nne zilizotwangwa na kijiti cha mdalasini cha urefu wa kidole. Vyote vianze vikiwa baridi, vitokote pamoja.

Sasa subiri. Visahani vitavimba, kingo zake zitalegea, na juu patakuwa na vishimo vidogo vinavyopumua kimoja kimoja, pu, pu, kama wali unaokaribia kukauka. Hapo ndipo pa kutoa mdalasini, kupunguza moto mpaka mwisho, na kumwaga tui zito nusu kikombe, ukilizungusha kwa mwiko mara mbili tu. Lipate joto, lisichemke. Likichemka kwa nguvu linakatika: mafuta yanaelea juu kwa vijidimbwi, maji yanabaki chini, na uji unakuwa na mchanga mchanga ulimini. Lisipochemka, unapata ung'avu juu ya uji na harufu ya nazi mbichi ambayo tui la kopo halijawahi kuitoa. Tui la kopo litafaa ukikosa nazi, ila lizimue, nusu kwa nusu na maji.

Sukari ni hiari ya mtu. Tende tatu laini zikitolewa kokwa, zikapondwa kwenye vijiko vitatu vya maji ya moto na kuchanganywa mwishoni, hutosha bakuli moja, na utamu wake una kina kuliko sukari nyeupe. Ndizi iliyoiva mpaka ganda likapata madoa nayo hufanya kazi hiyo hiyo: nusu ipondwe iingie kwenye uji dakika mbili za mwisho, nusu ikatwe juu. Ndizi isiyoiva vizuri inakausha mdomo, usiitumie. Asali iwekwe mezani, si jikoni, kwa sababu moto unaipotezea harufu, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata iliyopikwa.

Juu ya bakuli tia kitu cha kutafuna. Ulaini wa oti unachosha ukiwa peke yake, na watu wengi wanaosema hawaipendi huwa wamechoka na ulaini tu. Korosho zilizovunjwa, karanga za kukaanga, ufuta, mbegu za maboga, nazi iliyokaangwa mpaka ikawa ya kahawia. Kijiko cha siagi ya karanga kikikorogwa ndani hushibisha mpaka mchana. Unga wa ubuyu, kijiko kimoja cha chai, unaleta uchachu mzuri, lakini uutie kwenye uji wa maji au wa tui. Ukiutia kwenye maziwa ya moto, yatakatika.

Isiyopikwa

Mnamo mwaka 1900 daktari Maximilian Bircher-Benner wa Zurich, Uswisi, alikuwa akiwapa wagonjwa wake sahani ambayo leo watu wanaidhania ni ya oti. Ukweli ni kwamba ilikuwa sahani ya tofaa. Oti ilikuwa kijiko kimoja tu cha chakula, kilicholowekwa usiku kwenye vijiko vitatu vya maji, na asubuhi kikachanganywa na tofaa zima lililokwaruzwa na ganda lake, maji ya limau, kijiko cha maziwa mazito ya kopo na lozi zilizosagwa. Uwiano huo unafaa kukumbukwa, kwa sababu oti ya kulowekwa inakuwa tamu pale matunda yanapokuwa mengi.

Kipimo cha sasa ni rahisi: nusu kikombe cha oti bapa, nusu kikombe cha maziwa, robo kikombe cha mtindi au maziwa lala, chumvi chembe. Changanya kwenye chombo chenye kifuniko, tia kwenye friji kwa saa sita au usiku mzima. Asubuhi legeza kwa maziwa kidogo. Oti ya haraka hapa haifai, itakuwa ubandiko. Chenga nazo zitabaki ngumu kama mchele uliolowekwa tu.

Matunda yana sheria moja isiyosamehe. Papai na nanasi visivyopikwa vina vimeng'enya vinavyovunja protini, ndivyo vile vile vinavyolainisha nyama ngumu. Ukivilaza na maziwa au mtindi usiku, asubuhi utakuta kitu kichungu chenye maji maji, na utadhani maziwa yameharibika. Vikate asubuhi uvitie juu. Embe, zabibu kavu na pasheni vinaweza kulala humo bila shida.

Nyumba isiyo na friji isijaribu kulaza oti na maziwa. Joto la Tanga au la Kinshasa halitakungoja ulale. Badala yake mwagia oti maji ya moto asubuhi, kiasi cha kuifunika tu, ifunike dakika kumi wakati unaoga, kisha tia mtindi wa baridi na matunda. Matokeo yanakaribiana sana.

Yenye chumvi

Wazo la oti yenye nyama na kitunguu huwashtua watu wa bara, lakini Ghuba nzima inalijua. Wakati wa Ramadhani, meza za Muscat na Dubai hazikosi supu ya shufani, na Zanzibar shurba ya ngano iliyovunjwa ni ndugu yake wa damu. Huliwa wakati wa kufuturu, nayo futari ni kifungua kinywa hasa, ila cha magharibi. Hakuna sababu ya kutoiamkia siku nyingine.

Kwa watu wanne: nyama ya ng'ombe au kuku gramu 300 iliyokatwa vidogo, kitunguu kimoja, nyanya mbili, kijiko cha chakula cha tangawizi na thomu iliyotwangwa, kijiko cha chai cha bizari nyembamba, nusu kijiko cha pilipili manga, mdalasini. Kaanga kitunguu mpaka kilainike, tia thomu na tangawizi, viungo, nyanya, kisha nyama. Mwaga vikombe sita vya maji na uchemshe mpaka nyama iive kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kutia oti mapema ichemke na nyama. Nyama ya ng'ombe inataka saa nzima, oti inataka dakika kumi. Kwa hiyo nyama ikishalainika ndipo utie robo tatu ya kikombe cha oti, uitawanye kwa mkono huku ukikoroga, moto mdogo, dakika kumi hadi kumi na mbili. Chumvi iongezwe mwisho, na ndimu ikamuliwe mezani. Supu iwe nyepesi kuliko unavyotaka, kwa sababu ile ile tuliyoisema juu.

Kwa asubuhi ya haraka: pika nusu kikombe cha oti bapa kwa kikombe kimoja cha maji au supu iliyobaki jana, kwa mtindo wa maji ya moto ili visahani viachane. Pembeni kaanga kitunguu na mchicha au sukuma wiki, uweke juu, na yai la kukaanga ambalo kiini bado kinatiririka. Pilipili kichaa kwa anayeiweza. Baada ya hapo neno "uji" halifai tena.

Kwa daku oti inatamba. Beta-glukani inafanya kilichomo tumboni kiwe kizito, na chakula hushuka polepole. Chenga hushikilia zaidi kuliko bapa, na bapa kuliko ya haraka, kwa kuwa kadiri punje inavyovunjwa ndivyo mwili unavyoifikia upesi. Mwenye kisukari aliangalie hilo hilo kwanza, kisha aangalie anachotia juu: bakuli la chenga lenye vijiko vinne vya sukari halimsaidii. Kuhusu lehemu, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mwaka 1997 pakiti za oti ziandikwe kwamba zaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, kwa kipimo cha gramu 3 za beta-glukani kwa siku pamoja na mlo wenye mafuta magumu kidogo. Gramu hizo 3 zimo katika karibu gramu 75 za oti kavu, yaani bakuli moja na nusu hadi mawili. Si bakuli moja la Jumamosi. Na kama daktari amekupa dawa, oti haichukui nafasi yake.

Asiyeweza kula ngano kwa ugonjwa wa siliaki anunue ile tu iliyothibitishwa haina gluteni, ile protini ya ngano na shayiri, maana oti ya kawaida huchanganyika na ngano na shayiri shambani na kiwandani.

Chapati za maji za oti nizipitie haraka, kwa kuwa watu huniuliza kwa nini zinakatika: kikombe kimoja cha oti kwenye blenda, mayai mawili, ndizi moja, nusu kikombe cha maziwa, chumvi. Saga, acha dakika kumi na tano ivimbe, pika ndogo ndogo, upana wa kiganja, kwa moto mdogo, na usigeuze mpaka juu pakauke. Hazina gluteni ya ngano ya kuzishikilia, kwa hiyo kubwa lazima ikatike. Ukitaka kubwa, tia vijiko viwili vya unga wa ngano.

Mwisho ni kutunza. Pakiti ikifunguliwa, hamishia kwenye chombo cha kufunga vizuri, mbali na jiko. Pwani unyevu unaifanya ichukue harufu ya kabati ndani ya wiki chache, na wadudu wale wadogo wa kahawia hupenya hata plastiki nyembamba. Ukiwa na nafasi kwenye friza, ilaze humo siku tatu au nne kwanza, mayai yao yafe. Kabla ya kupika iliyokaa, nusa: ikinuka rangi ya ukutani au mafuta ya taa, mafuta yake yameoza, wape kuku. Uji uliobaki unakaa siku tatu kwenye friji, na utaganda kama sima. Uvunje kwanza kwa uma, utie maji robo kikombe, ndipo uwashe moto. Na sufuria iloweke kwa maji ya baridi, siyo ya moto, ambayo hupika upya wanga uliobaki na kuunatisha pale pale.